Tabo ya TD04L kwa Subaru EJ20: ya mtumba, ya boksi au katriji, na mabomba yake

Ukiulizia tabo (tabochaja, inayogandamiza hewa ya injini) ya Subaru kwenye maduka ya spea Arusha, swali la kwanza la muuzaji huwa ni, "Ya mtumba au ya boksi?" Jibu lolote utakalotoa, utaondoka na tabo tupu: haina gasketi, haina washa za kopa, haina mpira wa kurudishia oili. Tabo hiyo itafungwa kwenye mabomba yaleyale yaliyoiua iliyotangulia, na masika hayajakatika utakuwa umerudi dukani kugombana. Mara nyingi muuzaji hana kosa.

Tunayoipima hapa ni TD04L ya Mitsubishi, ile iliyofungwa kwenye Impreza WRX nyingi za umbo la GDA na Forester za SG5 zenye injini ya EJ20 ya tabo, ya cc 1994. Kwetu inapatikana kwa namna tatu: ya mtumba kutoka Japani, nakala mpya ya boksi isiyo na jina, na katriji, yaani kiini cha katikati peke yake. Pamoja nazo tumepima mipira ya silikoni, gasketi na vidude vinavyouzwa pembeni yake.

Hukumu tunaitoa mapema ili mwenye haraka aende zake. Kwa gari la kila siku linalopanda na kushuka kati ya Moshi na Arusha, chukua ya mtumba ya Mitsubishi yenye nyumba nzima. Shafti ikiwa imelegea, itie katriji nzuri. Pesa inayobaki yote iende kwenye mabomba na mipira. Nakala ya boksi isiyo na jina iache rafuni.

Soma kibati kwanza

Kwenye nyumba ya kompresa kuna kibati kidogo. Namba ya Mitsubishi kwa TD04L ya Subaru huanza na 49377, na ya Subaru wenyewe huanza na 14412. Usinunue kwa kutaja jina la gari, maana WRX haikuwahi kuwa na tabo moja. WRX za mwanzo za umbo la GC8 za soko la Japani, zile za kuanzia 1992, zilikuja na TD05. Za baadaye zikaja na IHI za mfululizo wa VF. GDA nazo zimegawanyika, nyingine TD04L na nyingine VF. Bolti za fleni zinaweza kuingia vizuri kabisa, halafu mdomo wa kunyonyea na njia za oili zikakugomea gari likiwa tayari limefunguliwa. Kibati kikiwa kimebanduliwa, na bei iwe ya kitu kisicho na jina.

Ya mtumba

Uzuri wake ni chuma. Nyumba ya tabini ya Mitsubishi imeshapikwa miaka ishirini na bado inakaa sawa kwenye fleni. Ubaya wake ni kwamba hujui ilitoka kwenye injini ya namna gani, na EJ20 iliyonoki huacha chenga za metali kwenye oili iliyopita ndani ya tabo hiyohiyo.

Ikague hapohapo kaunta. Shika ncha ya shafti upande wa kompresa kwa vidole viwili, isukume na kuivuta kwa urefu wake. Usihisi kitu. Mchezo unaokubalika huko ni chini ya sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo ukisikia hata "tik" ndogo, beringi ya msukumo imekwisha. Kisha itikise juu na chini. Hapo mchezo kidogo ni wa kawaida, kwa sababu bushi za tabo hii huelea juu ya oili na iliyokaa rafuni miezi ni kavu. Kinachoikataa ni majani ya feni kugusa ukuta. Izungushe huku umeikandamiza pembeni, usikilize kama inakwaruza.

Halafu washa tochi ya simu. Upande wa kompresa, tazama ncha za mbele za majani: yakiwa makali na yanang'aa, sawa. Yakiwa ya butu na yana vinyweleo kama yamepigwa msasa, gari hilo lilivuta vumbi bila filta. Upande wa tabini, tafuta jani lililodungwa au kukatika pembe. Hiyo ni kazi ya masega yaliyovunjika (masega ya katalisti, kisafisha moshi cha eksozi), na tutayarudia. Ufa mwembamba kati ya tundu la westigeti (mlango unaopitisha moshi pembeni ya tabini) na mdomo wa tabini usikutishe, tabo nyingi za umri huu zinao. Ukifika kwenye uso wa fleni au ukitokeza nje, iache.

Jambo moja la kuombea: muuzaji akiwa ameishusha kwenye injini nzima, mwambie akupe na bomba lake la oili, vibomba vya maji na ngao ya joto. Vitu hivyo vikitengwa havitafutwi na mtu, na siku ukivihitaji utaambiwa viagizwe Gerezani, Dar, au uvivizie Nairobi.

Ya boksi

Inang'aa, ina plastiki za rangi kwenye kila tundu, na inakuja na karatasi yenye picha. Mapungufu ni manne na yanajirudia: balansi ya shafti, mchanga wa kalibu uliobaki kwenye njia za oili, uso wa fleni usionyooka, na aktueta, yaani kifaa kinachofungua westigeti, iliyofungwa bila kupimwa.

Hilo la aktueta unaweza kulirekebisha mwenyewe, na linafaa kupimwa hata kwenye ya mtumba. Toa klipu, chomoa mkono wa aktueta kwenye pini ya westigeti, sukuma mlango wa westigeti ufunge kabisa. Tundu la mkono linatakiwa lipungukiwe na pini kwa kama milimita 2, ili uuvute kidogo ndipo uingie. Mkono ukiingia wenyewe bila kuvutwa, mlango utakuwa unavuja moshi mapema, tabo itachelewa kuamka na dereva atasema gari "zito". Ukiuvuta sana, upepo, yaani presha ya tabo, utapitiliza.

Balansi ndiyo isiyorekebishika gereji. Shafti hii huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kosa dogo lisiloonekana kwa macho linatosha kula bushi na kuanzisha mlio kama wa king'ora. Nakala zenyewe hazifanani: moja itadumu, ya pili kutoka boksi lilelile itaanza kutoa moshi kabla ya oili ya pili kumwagwa. Huo ni mchezo wa bahati nasibu, na ada ya kuishusha na kuifunga upya unalipa wewe.

Katriji

Hapa ndipo thamani ilipo, mradi nyumba zako mbili ni nzima. Katriji inayofaa kununuliwa inakuja na karatasi ya balansi yenye namba inayolingana na iliyochongwa kwenye mwili wake. Isiyo na karatasi, ihesabu kama ya boksi tu.

Kuibadilisha kunahitaji utulivu kuliko nguvu. Kabla ya kufungua, chora mstari kwa msumari kutoka nyumba ya kompresa hadi kwenye kiini hadi nyumba ya tabini, ili zirudi kwenye pembe ileile. Zikikosea nyuzi kumi tu, aktueta haikai na mpira wa intakula (kipoza hewa) hauingii. Nyumba ya kompresa inashikwa na pete ya chuma, itoe kwa koleo la pete na uvae miwani. Upande wa tabini huganda kwa kutu: pulizia dawa ya kulegeza, acha usiku mzima, kisha gonga kwa nyundo ya mpira kuzunguka. Anayepiga ncha ya shafti ili kiini kitoke ameshaua balansi.

Oili inayoingia, oili inayotoka

Tabo nyingi za EJ20 hufia hapa.

Bomba la kuleta oili ni jembamba na linapita karibu na moto. Gari likizimwa ghafla baada ya kupanda Machame au Marangu kwa mwendo wa kasi, oili iliyobaki humo huungua na kuganda kama lami kwenye ukuta. Baada ya miaka, tundu limebaki nusu. Ukitoa tabo, pitisha waya mwembamba laini ndani ya bomba na upulize kwa kompresa ya gereji. Kikitoka kitu cheusi chenye chembe, usilisafishe, nunua jipya. Kwenye baadhi ya injini hizi, hasa za baadaye zenye AVCS (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu), ndani ya bolti ya banjo, ile yenye tundu la kupitishia oili, kuna kichujio kidogo cha wavu. Kinaziba pole pole bila taa wala kelele, tabo inakosa oili, inakufa, unaweka nyingine, nayo inakufa. Anayebadilisha tabo bila kufungua bolti hiyo na kuangalia ndani hajamaliza kazi. Washa za kopa zibadilishwe zote, mbili kwa kila banjo. Kuzichoma kwa moto na kuzirudisha ni desturi ya gereji, lakini kwenye sehemu hii akiba yenyewe ni ndogo mno.

Upande wa kutoka ni mpira mnene mfupi unaoteremka kutoka chini ya tabo hadi kwenye silinda hedi ya kulia. Humo oili hairudi kwa presha, inateremka kwa uzito wake tu, imejaa povu na ina joto. Kwa hiyo mpira lazima ushuke moja kwa moja, usikunjike, na tundu libaki wazi kabisa. Mafundi wengi hukata kipande cha mpira wa rejeta chenye kipenyo kinacholingana. Kwa nje unaonekana imara kuliko wa asili. Lakini mpira wa rejeta ulitengenezwa kwa maji, na ukiloa oili ya moto huvimba na kuwa laini kama matumbo. Ukuta wa ndani unalegea na kujikunja, oili inakosa pa kupita, inajaa kwenye kiini cha tabo na kutokea kwenye sili. Moshi wa bluu unaanza, na lawama inaiangukia tabo mpya. Silikoni ya kawaida nayo haifai hapo, oili hupenya na kutoa jasho kwa nje, hadi idondokee eksozi na harufu iingie ndani ya gari. Nunua mpira orijino wa Subaru, au mpira ulioandikwa wazi kwamba ni wa oili ya moto. Hiki ndicho kitu cha bei ndogo chenye maana kubwa kuliko vyote kwenye tathmini hii.

Gundi ya gasketi isisogee karibu na tundu la oili la tabo. Kipande chake kikimeguka, hakina pengine pa kwenda.

Kuna na pumzi ya injini, yaani njia ya kutolea mvuke wa ndani ya injini. Valvu yake ikiziba, au mipira yake ikijaa lami, presha ya ndani ya injini hupanda na kuizuia oili ya tabo kurudi. Dalili ni zilezile za sili iliyokufa. Kabla hujanunua tabo kwa sababu ya moshi wa bluu, chomoa valvu hiyo na uitikise: inatakiwa icheze na kulia. Isipolia, umepata mshukiwa wa kwanza.

Maji

Sehemu hii Subaru waliifanya vizuri na haihitaji maneno mengi. Kiini cha tabo kinapozwa kwa maji, na kile kitangi cha chuma chenye mfuniko kilichoinuka juu ya injini kipo kwa ajili yake: gari likizimwa, maji ya moto ndani ya tabo hupanda yenyewe kwenda kwenye kitangi na ya baridi hushuka kuchukua nafasi. Ndiyo maana taimeri za kuacha injini ikiunguruma, zinazouzwa kama pambo la dashibodi, hatuzipendekezi. Endesha taratibu kilomita ya mwisho, au iache ikiunguruma dakika moja ukitoka mlimani, inatosha. Cha kubadilisha ni mipira mifupi miwili ya maji, iliyoiva kwa joto na kupasuka kama ngozi ya mamba, na mfuniko wenye presha. Tia kulanti (dawa ya maji ya rejeta) iliyochanganywa kwa kipimo. Maji ya bomba peke yake yataacha magadi kwenye njia hizo nyembamba.

Mipira ya upepo na seti za silikoni

Tabo ikishagandamiza hewa, inaipeleka kwenye intakula iliyolala juu ya injini, inayopata upepo kupitia pua ya boneti, kisha kwenye throtoli. Njia ni fupi na viungo ni vichache, basi mvujo wowote unajulisha: sauti ya "fssss" unapokanyaga, moshi mweusi nyuma kwa sababu sensa ya eaflo, inayopima hewa inayoingia, imehesabu hewa iliyotorokea njiani, na gari haivuti.

Seti za silikoni za bluu na nyekundu zinapatikana kwa urahisi na kwa upande huu wa hewa tunazipa alama nzuri. Angalia mambo mawili. Kata ya ukuta ionyeshe tabaka za kitambaa, tatu au nne. Isiyo na kitambaa itavimba kama puto. Na ukiikunja kwa nguvu isiache alama nyeupe. Klampu zinazokuja nazo zitupe, zile za bisibisi zenye matundu hula silikoni. Tafuta klampu pana zenye bolti ya T, na ukaze mpaka mpira uache kuzunguka kwa mkono, usizidishe.

Mpira mgumu kuupata na mgumu zaidi kuufunga ni wa kunyonyea, unaotoka boksi la filta na kujipenyeza chini ya manifodi ya hewa hadi mdomo wa tabo. Mvuke wa oili kutoka pumzi ya injini huulainisha, halafu fundi mwenye haraka anauvuta kutoa tabo na kuupasua pale chini pasipoonekana. Ufa huo unavuta hewa ambayo haikupita kwenye filta wala kwenye sensa. Kwa vumbi la Kisongo au la barabara za mashambani nyuma ya Moshi, hiyo ni sawa na kuilisha kompresa msasa. Kuubadilisha kunataka manifodi inyanyuliwe. Kwa hiyo, tabo ikitoka, weka kioo chini na tochi, uukague wote. Kama umechoka, ubadilishe siku hiyohiyo. Kufungua manifodi mara mbili ni kulipa fundi mara mbili.

Valvu ya kupumulia inayotoa hewa nje kwa mlio wa "pshhh" haifai kwa gari hili, hata kama vijana wa Kijenge watageuka kuangalia. Hewa inayotupwa ilishahesabiwa na sensa, kompyuta inamwaga petroli ya hewa isiyokuwepo, na kila ukibadilisha gia injini inakohoa. Ya asili inairudisha hewa kwenye mpira wa kunyonyea. Iache.

Kimpira cha milimita nne

Mtu akilalamika kwamba alibadilisha "mipira yote" na gari likawa dhaifu kuliko mwanzo, mwulize aliweka wapi ile mipira ya zamani.

Kutoka kwenye chuchu ya kompresa kuna kimpira chembamba cha kwenda aktueta. Katikati kina kiungo cha T, na tawi moja linakwenda kwenye solenoidi (valvu ya umeme) inayomwaga upepo kurudi kwenye mpira wa kunyonyea. Kompyuta huidanganya aktueta kwa kumwaga sehemu ya upepo huo, ili westigeti ichelewe kufunguka. Ujanja huu unafanya kazi kwa sababu ndani ya kimpira kinachotoka kompresa kuna kidonge kidogo cha chuma chenye tundu jembamba sana, kinachopunguza kasi ya upepo unaoingia. Ukikibonyeza kimpira kwa kucha utakihisi, kigumu kama punje ya mahindi. Fundi asiyejua anakata kimpira kipya cha silikoni, anatupa cha zamani na kidonge ndani yake. Solenoidi inashindwa kumwaga upepo haraka kama unavyoingia, aktueta inapata presha yote, westigeti inafunguka mapema. Tabo iliyozoea kufika karibu 0.9 bar, yaani psi 13, inaishia karibu na nguvu ya springi ya aktueta peke yake, kama nusu bar. Hakuna kilichovuja, hakuna kilichokufa, na gari haipandi.

Kosa la upande wa pili ni la hatari. Kimpira cha aktueta kikichomoka au kikipasuka, westigeti haipati amri ya kufunguka, upepo unapanda hadi kompyuta inakata petroli. Dereva anahisi kama gari limegonga ukuta wa sponji. Akihisi hivyo mara moja, asirudie kukanyaga "kupima".

Kwa hiyo unaponunua seti ya vimpira, nunua rangi moja kwa kila kazi ukiweza, hamisha kidonge, na funga kila ncha kwa klipu. Geji ya upepo yenye kimpira chake kilichotolewa kwenye manifodi tunaipa alama za juu. Geji iliyounganishwa kwenye kimpira cha aktueta itakudanganya siku zote.

Arusha si Dar

Arusha mjini iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Hewa yake ina mgandamizo wa karibu 0.86 bar, wakati ya Dar ni 1.01. Geji ya kawaida inapima tofauti na hewa ya nje. Ikisoma 0.8 bar Dar, injini inapata 1.81 na tabo imezidisha hewa mara 1.8. Ikisoma 0.8 ileile Arusha, injini inapata 1.66 tu, na tabo imezidisha mara 1.93. Imezunguka kwa kasi zaidi na kutoa hewa ya joto zaidi ili kukupa kidogo zaidi ya tisa kati ya kumi ya ulichokipata pwani.

Ndipo wanapokuja wauzaji wa viongeza upepo. Ili upate 1.81 ileile hapa, tabo izidishe mara 2.1. TD04L ni tabo ndogo. Ukiibana namna hiyo hadi mizunguko ya juu inakuwa pasi ya umeme, inachemsha hewa badala ya kuigandamiza. Ongezea kwamba magari ya soko la Japani yalipangiwa petroli ya oktani 100, ambayo hutaipata kwenye pampu za Sakina. Injini inaanza kugonga, na pistoni za EJ20 hazivumilii kugongewa. Kidhibiti upepo cha mkono, kile cha skrubu na springi, hatukipi alama hata moja kwa gari ambalo kompyuta yake haijapangwa upya.

Mvujo mdogo nao huku juu una gharama kubwa. Tabo inayofidia tundu la mpira inazunguka juu ya kasi ambayo tayari imepandishwa na mwinuko.

Upande wa moto

Bomba la kupanda, ambalo mafundi huliita apupaipu, linabeba moshi kutoka manifodi ya eksozi hadi tabo. Kwenye baadhi ya WRX lina masega ndani. Masega hayo yakizeeka yanamegeka, na kituo chake cha kwanza ni majani ya tabini. Tabo yako ikionyesha majani yaliyodungwa, chungulia humo kabla ya kufunga nyingine. Bomba lisilo na masega, la kiwandani au la chuma cha pua, ni sehemu ya ununuzi.

Gasketi za hapa chukua za chuma za tabaka, si za karatasi yenye bati. Mvujo kabla ya tabo unaiba moshi uliotakiwa kuizungusha: unasikika "pf-pf-pf" injini ikiwa baridi, kisha unafifia chuma kikipanuka. Kwa Subaru ni rahisi kuukosa, kwa kuwa mngurumo wake wenyewe tayari una kigugumizi. Stadi na nati ziwe mpya. Zikigoma kutoka, zipashe moto na dawa ya kulegeza. Anayezilazimisha zikiwa baridi atazikata, na kazi ya saa tatu itakuwa ya siku mbili.

Siku ya kufunga

Kama tabo ya zamani ilivunjika, shusha sampu, bakuli la oili la chini ya injini. Safisha chenga, kagua bomba la kunyonyea oili, maana la EJ hupasuka kwenye kiungo chake. Intakula ishushwe, ni bolti mbili namba 12, klampu na valvu ya kupumulia. Ioshe kwa kiyeyusha mafuta, iinamishe hadi ikauke kabisa. Isipooshwa, oili iliyolala humo itatoa moshi siku kadhaa na mtaitoa tabo nzima bure.

Nati za tabo, namba 14, kaza hadi karibu Nm 35, kwa mzunguko. Kabla ya kufunga bomba la kuleta oili, mimina oili safi kwenye tundu na uzungushe shafti kwa kidole mpaka itokee chini. Toa fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata sekunde 10, pumzisha, rudia hadi taa ya oili izime. Ndipo urudishe fyuzi, uwashe, na uiache iungurume dakika kadhaa bila kukanyaga.

Kipimo cha mvujo kinatengenezwa kwa pesa ya chai: kifuniko cha bomba la plastiki kutoka duka la vifaa vya ujenzi, kilichotobolewa na kupachikwa chuchu ya tairi ya tyubulesi. Pima kipenyo cha mpira wako kwanza. Kifunge mahali pa sensa ya eaflo, bana mipira ya pumzi ya injini ili usitoe sili za kranki, tia upepo usiozidi 0.3 bar, na upake povu la sabuni kila kiungo.

Oili ya kwanza, 5W-30 kama lita 4 na kitu pamoja na filta, imwagwe kwenye kilomita 500, na baada ya hapo kila 5,000. Siku hiyo ya 500, injini ikiwa imepoa, kaza tena klampu zote na upitishe kidole chini ya mpira wa kurudishia oili. Kidole kikitoka kikavu, rudisha ngao ya joto.